Kabla ya Kununua, Nenda Siku ya Kuchuma

Tangu nilipofunga ofisi yangu pale Kericho, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, vijana wa kazi hii wamekuwa wakinifuata nyumbani kuniuliza siri. Kazi hawaiulizi. Wamekaa kwenye semina katika hoteli zenye mazulia, wakafundishwa na mtu ambaye viatu vyake havijawahi kukanyaga tope kwamba ardhi ni "uwekezaji", na sasa wanataka niwape sentensi moja itakayowatajirisha kabla ya Krismasi. Sentensi hiyo sina. Ningekuwa nayo, nisingekuwa nakamua ng'ombe kwa mikono yangu mwenyewe asubuhi hii.

Nilicho nacho ni miaka ya kutembea mashambani, na hiyo nitawaeleza polepole. Nyinyi ni wanangu, na si wajinga. Mmefundishwa vibaya tu, na aliyefundishwa vibaya anaweza kufundishwa upya. Asiyeelewa mara ya kwanza arudie kusoma. Asiyetaka kurudia, semina zingali zinaendelea.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa mshika kamba wa Bwana Langat, mpima ardhi wa kibinafsi aliyejulikana kuanzia Kericho hadi kwetu Bomet. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, na alichukia vitu viwili: miavuli na mabroka. Siku yangu ya kwanza alisimamisha pikapu kando ya shamba la chai, akaninyooshea kidole na kusema, "Bikoni iko humo ndani. Itafute."

Kwa wale ambao wameiona bikoni kwenye ramani pekee, ni jiwe au chuma cha mpaka kilichozikwa na wapimaji. Na kwa wale ambao wameona chai kwenye kikombe pekee, michai iliyotunzwa vizuri hufungana juu kama meza, hata kuku hapiti. Kwa hiyo nilipita chini. Nilitambaa kwa magoti na viwiko, maji ya majani yakinitiririkia shingoni, na baada ya muda mrefu nikatokea upande wa pili, sweta imechanika, nimekumbatia jiwe zuri lenye pembe nne. Nililibeba kama mtoto mchanga.

Bwana Langat alilitazama, akanitazama. "Hilo ni jiwe la kunolea panga," akasema. "Mwenyewe atalitafuta. Lirudishe, halafu uanze tena."

Nilianza tena, na jioni nikaipata bikoni. Hakunisifu. Ila kesho yake watu wa pale walikwisha kuniita Mama Bikoni, na jina hilo sijaweza kulivua mpaka leo.

Bwana Langat alikuwa na fundisho moja, na aliyelishika hilo anaweza kuzipita semina zote akizipungia mkono. Alisema shamba lina siku zake za kusema, na mnunuzi ambaye hajalisikia siku hizo ananunua bubu. Siku ya kwanza ni ya mvua. Huku kwetu mvua hunyesha alasiri, lakini mabroka huwaleta wateja asubuhi, jua likiwaka, ndege wakiimba, ardhi imekauka na inatabasamu. Rudi saa kumi jioni uone maji yanapita wapi. Yakipita sebuleni kwako, usidanganywe kwamba huo ni mto mdogo wa kupendeza.

Siku ya pili ni ya soko. Hapo ndipo utajua nani anapita, nani ananunua, nani analala karibu na nani anarudi mbali akiburuza miguu.

Siku ya tatu, nayo ni ya huku kwetu pekee, ni siku ya kuchuma. Wakulima wadogo hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, banda lile la mabati lenye mizani kando ya barabara, na kila mkulima huenda na namba yake. Nenda ukasimame pale. Uone ni nani anashusha kikapu kutoka mgongoni, majani yanapimwa kwa namba ya nani, na karani anamwita kwa jina gani. Bwana Langat alisema hivi: "Karatasi itakuambia nani ameandikwa. Kituo kitakuambia nani anaishi. Wakiwa watu wawili tofauti, weka pesa yako mfukoni ufunge kifungo."

Alipozeeka na kuacha kazi, nilifungua ofisi yangu ya uwakala. Vyombo vyangu vilikuwa gambuti, panga, futi ya utepe, na thamosi ya chai. Ramani niliikunja ndani ya mfuko wa unga ili isilowe. Mtaona kwamba brifkesi haimo.

Nasema hivyo kwa sababu mjini kulikuwa na broka ambaye chombo chake kilikuwa hicho kimoja tu. Tulimwita Bwana Brifkesi. Ilikuwa nyeusi, yenye kufuli la namba, na aliiweka juu ya meza ya hoteli kwa taratibu kama padri anavyoweka kikombe madhabahuni. Hakuna aliyewahi kuiona ikifunguliwa. Bwana Brifkesi hakujua kupima wala kusoma ramani, na chini ya mchai hakuwahi kutambaa. Alijua mambo mawili: kusema "hati ni safi", na kumtambua mwanajeshi aliye likizo kutoka ng'ambo ya barabara.

Hapo nisimame kidogo nizungumze na wanajeshi, maana najua wapo watakaosoma, na nyinyi mnaowahudumia mnapaswa kuwaelewa. Mwanajeshi ni mnunuzi bora kuliko wote, na ndiye anayeliwa kuliko wote, kwa sababu moja. Ana mshahara wa uhakika na ana likizo fupi. Muuzaji mwovu hahitaji kukudanganya sana. Anahitaji tu kukuharakisha. Utamkuta koplo ameweka akiba miaka, amelala kwenye hema na kula maharagwe, halafu anataka kuchagua shamba, kulilipa na kujenga ndani ya likizo moja, na bado ahudhurie harusi ya binamu. Tena anakuja na buti za kazi zimeng'arishwa, kwa hiyo bei inapanda kabla hajafungua mdomo. Ndugu yangu, njoo na sweta la mama yako. Likizo ya kwanza tembea tu, uulize, unywe chai ya watu. Likizo ya pili ndipo ununue. Ukikosa subira hiyo, utakuwa kama sajenti mmoja aliyenunua ploti upande wa Fort Ternan kwa kuonyeshwa ramani hotelini. Kwenye ramani ilikuwa mraba mzuri. Alipoifikia akakuta imesimama wima kama ukuta wa kanisa. Mbuzi wa jirani waliokuwa wakila juu yake walimtazama kwa huruma.

Basi siku moja alipanda ngazi za ofisi yangu Koplo Ouma, akiwa na mama yake. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa ziwa zamani, wakiwa vijana, wakaja kufanya kazi katika kampuni ya chai. Baba yake, Mzee Onyango, alikuwa kiwandani. Mama Ouma alikuwa mchumaji. Watoto wote walizaliwa kwenye laini, zile nyumba za kampuni zilizopangwa kama meno. Na nyumba ya laini ina sharti ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja: siku mzee anapostaafu, anarudisha ufunguo. Mzee Onyango alikuwa anastaafu Desemba. Kwao, upande wa ziwa, sehemu yake ilikuwa imeshagawanywa na kaka zake, na kaburi la baba yao tayari lilikuwa na mahindi pembeni.

"Nataka wazazi watoke laini waingie kwao," Koplo Ouma aliniambia. "Kwao kabisa. Siyo kwa mtu."

"Vizuri sana," nikamwambia. "Una muda gani?"

"Nimepata shamba tayari, Mama Bikoni. Upande wa Chepilat. Iko na chai, iko na maji, hati ni safi. Nataka tu uniangalilie mpaka."

Niliposikia "hati ni safi" nilijua sauti ile imetoka kwenye kinywa gani. Nikauliza analilipa lini.

"Broka anasema kesho. Kuna daktari wa Kisii analitaka."

Kuna daktari wa Kisii tangu dunia kuumbwa. Katika miaka yangu yote ya kazi daktari huyo alikuwa karibu kununua kila shamba, na kamwe hakununua hata moja. Nilimwambia Koplo atulie, nikaenda ofisi ya ardhi kufanya sachi, yaani kupekua rejista kuona shamba limeandikwa kwa jina la nani. Nitasema kweli: sachi ilikuja safi kama sahani ya mgeni. Shamba liliandikwa jina la Arap Sigei, na Arap Sigei ndiye aliyekuwa akiuza. Mkopo hapana, zuio hapana. Wakala wa siku hizi angeishia hapo, apige picha moja, aende zake kula nyama.

Mimi nilimchukua Mama Ouma, tukapanda gari la asubuhi hadi Chepilat, siku ya kuchuma.

Shamba lilikuwa zuri. Lazima niliseme hilo. Chai ilikuwa changa na safi, imechumwa kwa adabu, majani mawili na kichipukizi. Mama Ouma alipita kati ya michai akiigusa juu kwa kiganja, kama mtu anayesalimia watoto shuleni. "Ningekaa hapa," akasema. "Onyango angekaa pale chini ya ule mti, alalamike siku nzima."

Halafu tukaenda kituoni tukasimama kwenye foleni kana kwamba tunangojea mtu. Likaja kundi la wanawake. Msichana mmoja, mtoto mgongoni na kikapu mbele, akafika mizani. Nikamuuliza ametoka wapi, akanionyesha shamba lile lile. Jina lake Chebet. Karani akamuuliza, "Namba ya Kogo?" Akajibu ndiyo. Kogo kwa Kikipsigis ni bibi, nyanya. Nikamuuliza kama Arap Sigei ni mume wake, akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Huyo ni mzee wa boma ingine! Mimi nimeolewa na Kogo Tabutany."

Mama Ouma alinivuta mkono. "Amesema ameolewa na nani?"

Kwa wageni, nieleze. Kwa Wakipsigis, mwanamke aliyefiwa na mumewe bila mtoto wa kiume anaweza kuoa. Analipa mahari ya ng'ombe, analeta msichana nyumbani mbele ya mashahidi, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile. Wanaitwa kwa jina la marehemu na wanarithi shamba lake. Yule bibi tangu siku hiyo ndiye mume. Si mzaha, na anayecheka anaonyesha tu kwamba hakufundwa. Lakini mabroka, ambao huhesabu wenye nyumba kwa kuhesabu suruali kwenye kamba ya nguo, huiona boma kama hiyo na kusema, "Hapa hakuna mwanaume. Hapa ni rahisi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ardhi ilipopimwa zamani, kaka mkubwa, Arap Sigei, aliandikwa kwa niaba ya wote, kama familia nyingi zilivyofanya ili kuokoa safari. Kila ndugu alijua kipande chake. Ndugu mdogo akafa. Mjane wake, Kogo Tabutany, akaoa Chebet, akaendelea kulima kipande cha mumewe. Bwana Brifkesi akapita hapo, akaona wanawake wawili na mtoto, akaenda kumnong'oneza Arap Sigei kwamba karatasi yote ni yake.

Tulimkuta Kogo Tabutany akiwa ameketi mlangoni akisafisha kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Nilimsalimia, nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: bodi inakaa lini? Nikamwambia, Alhamisi, kwa Diyo.

Bodi ya ardhi, kwa wanaoanza, ni wazee wa eneo wakiongozwa na afisa wa tarafa, yule tunayemwita Diyo. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini yao. Muuzaji hufika na mke wake, na watoto wazima wakiwapo, wakaulizwa kama wamekubali. Vijana wengi mnaiona kama mahali pa kupigwa muhuri. Bodi ikiwa na wazee wanaojua watu wao, ni ukuta. Msilipe chochote kabla ya kuupita ukuta huo.

Hayo ndiyo niliyomwambia Koplo Ouma ofisini jioni ile, na hakuyapenda.

"Mama Bikoni, unanichelewesha. Likizo inaisha Ijumaa. Baba anarudisha ufunguo Desemba. Nikirudi kambini mikono mitupu watakaa wapi? Kwa hewa?"

"Ukilipa leo watakaa kortini."

"Hati iko na jina ya muuzaji! Serikali imeandika!"

"Serikali imeandika. Chebet amepalilia."

"Huyo msichana si ataenda kwao?"

Mama Ouma alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba amepakata. Sasa akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "kwao ni pale."

"Mama, nafanya hii kwa sababu yako."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia. Mimi nimekaa kwa nyumba ya wenyewe tangu niolewe. Kila siku naangalia ule mlango na najua utanitapika. Wewe unataka nilale nikijua kuna mwanamke mwingine ameangalia mlango wake hivyo, kwa sababu yangu? Hapana. Ngoja Alhamisi. Wazee wakisema ni ya huyo mzee, ulipe. Wakisema si yake, ukuje unibebe kutoka laini unipeleke unapotaka."

Koplo alishika kofia yake akaigeuza geuza. Kisha akasema atangoja, kwa sauti ya mtu aliyeamriwa na mkubwa wake.

Alhamisi tulifika mapema. Bwana Brifkesi alikuwepo, tai shingoni, brifkesi magotini. Arap Sigei alikuwepo, na kando yake mwanamke mfupi aliyevaa kitambaa kipya cha kichwa na kutazama sakafu. Baadaye tulijua ni mpishi wa hoteli ya stendi. Mke halisi wa Arap Sigei alikuwa amekataa kuja. Mwanamke yule alikuwa na akili zake.

Diyo, kijana mgeni katika eneo, akasoma ombi, akauliza, "Huyu ndiye mkeo?"

"Ndiyo, bwana."

Mzee mmoja wa bodi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Arap Sigei," akasema, "mke wako nilicheza kwenye harusi yake. Alikuwa ananipita kichwa. Huyu amepungua na mvua ama nini?"

Watu wakacheka. Mpishi akainuka, akasema ameacha sufuria motoni, akatoka. Bwana Brifkesi akasimama haraka. "Waheshimiwa, mambo ya familia tutayapanga. Hati ni safi. Na huko shambani hakuna mtu. Ni wanawake tu."

Hapo ndipo Kogo Tabutany alipoingia, fimbo mkononi, Chebet nyuma yake na mtoto. Diyo akamkaribisha kwa adabu, akamuuliza anahusika vipi.

"Hiyo shamba ni ya nyumba yangu."

"Na mume wa hiyo nyumba yuko wapi, bibi?"

"Ni mimi."

Diyo alitabasamu. Kisha akatazama kulia na kushoto, akaona hakuna mzee hata mmoja anayetabasamu, akaliondoa tabasamu lake taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Mzee wa miwani akamweleza. Alitaja mwaka wa ndoa ile kwa jina la ukame uliotokea, akataja ng'ombe waliotolewa kwa rangi zao, akasema yeye mwenyewe alikunywa pombe ya siku hiyo. Kisha akamgeukia Arap Sigei na kusema maneno ya Kikipsigis ambayo sitayatafsiri, kwa sababu kitabu hiki huenda kikasomwa na wake zenu.

Idhini ikakataliwa. Wazee wakamwagiza Arap Sigei arudi na mpimaji, agawanye hati, aandike kipande kwa nyumba ya ndugu yake.

Nje, Bwana Brifkesi alitukimbilia, hana hata haya. "Afande, usivunjike moyo! Niko na ingine Bureti. Hati ni safi!" Kogo Tabutany, aliyekuwa anashuka ngazi, aliinua fimbo akaipiga brifkesi pigo moja. Kufuli likaachia. Mbele yetu sote yakamwagika gazeti la wiki iliyopita, kitana, na ndizi mbili. Huo ndio ulikuwa uwekezaji wote.

Ningependa kusema Koplo Ouma alinishukuru. Hakunishukuru. Alisimama kwenye tope akaniambia, "Haya, umeshinda. Sasa baba anakaa wapi?" Lilikuwa swali la haki, na ushindi wetu ule haukuwa na paa. Nilimwambia afanye jambo moja kabla ya kurudi kambini: aende kwa wakili aandike hati ya uwakilishi, ili mtu anunue kwa niaba yake akiwa mbali. Na jina liwe la mama yake. Lisiwe langu wala la binamu mwenye suti.

"Mama hajui kusoma, Mama Bikoni."

"Wakili atasoma karatasi. Ardhi inasomwa kwa miguu."

Alitia sahihi Ijumaa asubuhi, akapanda basi.

Mimi na Mama Ouma tukaanza kutembea. Mashamba ya chai yalitushinda bei yote. Mzee Onyango alitaka angalau mahali penye baridi. Lakini mama alikuwa ameanza kuuliza swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi maisha yao yote. Hakuuliza mahali gani panapendeza. Aliuliza, "Watu wamekosa kulala wapi?" Akaenda Soin siku ya soko, kule chini kwenye joto, akakaa na kikapu cha nyanya ambazo hakuwa na haja ya kuziuza. Akaona walimu wa shule wakishuka barabarani, vumbi hadi magotini, kwa sababu hawana pa kupanga. Akaona karani wa zahanati akilala kwenye duka la mtu, juu ya magunia. Jioni akaniambia, "Ni hapa."

"Hakuna chai hapa," Mzee Onyango akalalamika. "Kuna mbu."

"Chai umeipika miaka yote. Sasa inywe tu."

Tulinunua ploti ndogo kando ya soko. Niliiona kwenye mvua, niliiona siku ya soko, nikazungumza na majirani wa pande zote, na mwenye kuuza akaja na mke wake wa kweli, mrefu kama ilivyotakiwa. Mjini Bwana Brifkesi alitangaza kwamba Mama Bikoni amemwuzia mwanajeshi kibanda cha kuku. Wenzake wakacheka sana. Wengi wao wakati huo walikuwa na misingi ya majumba ya ghorofa, imechimbwa kwa sherehe, na ndani yake nyasi ndefu ambazo ng'ombe wa majirani walizifaidi.

Sikilizeni hapa, vijana, maana ndiyo kazi yenyewe. Usichimbe msingi wa vyumba vyote. Jenga chumba kimoja mpaka kiishe, kiwe na mlango, dirisha, kufuli. Kipangishe. Kisha jenga cha pili. Chumba kimoja kilichokwisha kinakulisha. Vyumba kumi visivyokwisha vinakula. Mama Ouma alijenga kwa udongo uliopigwa lipu ya saruji, mabati juu, choo nyuma. Koplo alituma alichoweza kutoka kambini, na kila alichotuma kiligeuka mlango.

Desemba ikafika. Nilikwenda laini asubuhi ile kuwasaidia kupakia. Wastaafu wengine walikuwa wameketi juu ya vitanda vyao nje, hawajui dereva aelekee wapi. Karani wa kampuni akaja na bamba la kutundikia funguo. Mzee Onyango akatoa ufunguo mfukoni, akautazama, akauweka mkononi mwa yule kijana. Akapanda mbele ya lori, na dereva alipomuuliza, "Wapi, mzee?" akajibu kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa laini, "Kwangu."

Likizo iliyofuata, Koplo Ouma alipitia ofisini kwangu, amevaa sweta. Akaniomba tushuke pamoja Soin akaone. Njia nzima alinieleza atakavyolala: alikuwa ameandika barua kwamba chumba cha mwisho kiwe chake. Tulimkuta Mzee Onyango kivulini akilalamika kuhusu mbu, na Mama Ouma akifagia uwanja. Walipomaliza kusalimiana, Koplo akaweka begi begani, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho, akasukuma mlango. Ndani alikuwamo mwanaume mwenye povu la sabuni kidevuni, wembe mkononi.

"Karibu," yule mtu akasema.

"Mama!"

"Huyo ni mwalimu wa hesabu," Mama Ouma akajibu bila kuacha kufagia. "Amelipa mpaka muhula uishe."

"Lakini mama, hiki si ni chumba changu?"

"Ni chako. Ndiyo maana nimekupangishia."

"Na mimi nitalala wapi?"

Mama Ouma akaegemeza ufagio ukutani. Akampeleka hadi mwisho wa jengo, ambapo vigingi vinne vilikuwa vimeshapigwa na kamba kufungwa, akampa jembe. Mwanajeshi alitazama jembe, akanitazama mimi, akaona hatapata msaada. Akavua sweta akaanza kuchimba. Alichimba kwa nguvu, kwa hasira kidogo, na baada ya muda akawa ameinama ndani ya shimo hadi kiunoni, mchanga ukiruka.

"Usiende chini hivyo, nyathina," mama yake akamwambia. "Hiyo si handaki. Hapa hakuna risasi inakuja. Wapangaji ndio wanakuja."